Jiko Nililomjengea Mkwe Wangu Huko Anoka

Niliondoka Njombe mwanzoni mwa Februari kwa sababu ya mgongo wa mkwe wangu. Binti yangu Upendo, anayeishi Minnesota, alinipigia simu akanieleza kwamba mumewe, Mwangi, aliumia pingili za mgongo akimnyanyua mgonjwa kazini, na daktari anataka kumfanyia upasuaji. Mwangi amekataa. Ukimuuliza sababu anasema bado anafikiria, na amekuwa akifikiria tangu Septemba huku mguu wa kushoto ukizidi kufa ganzi. Daktari amewaonya kwamba wakiendelea kungoja, ganzi hiyo huenda isiondoke tena.

"Mama, njoo," Upendo akasema. "Mimi hanisikii."

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa majiko banifu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimejenga majiko ya udongo katika nyumba za Njombe na Makete, majiko yanayopikia kuni tatu pale ambapo mafiga yangekula mzigo mzima. Ni kazi inayomfanya mtu awe na mdomo. Nilijiambia kwamba mtu aliyewashawishi mabibi wa Makete waachane na mafiga hawezi kushindwa na Mkenya mmoja.

Nilichosahau ni kwamba Mkenya mwenyewe ni mkwe. Kwetu Wabena mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Siku hizi tumelegeza kamba, tunasalimiana na kula meza moja, lakini kumkalisha mkwe kitako na kumhoji habari za mwili wake, hilo bado. Nilikumbuka jambo hilo ndege ikiwa imeshapaa Dar es Salaam, na mpaka Amsterdam sikuwa nimepata dawa yake.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis tulitua alasiri. Mhudumu alinisogezea kiti cha magurudumu, nikamwambia ahsante, miguu ninayo. Upendo akataka kunibebea begi, nikamkatalia pia. Sisi wa Njombe tunajisifu kwamba tunaijua baridi, lakini milango ya kioo ilipofunguka niligundua kwamba tunamjua mtoto wake tu. Machozi yalinitoka na wala sikuwa nalia.

Burnsville wanakaa ghorofa ya tatu. Mwangi alinipokea mlangoni amesimama wima kama askari wa gwaride, maana kuinama hawezi. "Shikamoo, Mum," akasema. Shikamoo amejifunza kwa mkewe. Wakati wa chakula alikalia kiti cha mbao peke yake, akajibu kila swali kwa neno moja au mawili, na kabla ya chai akaenda kulala. Upendo aliosha vyombo bila kunitazama. Nilimwonea huruma sana mwanangu jioni ile.

Jumamosi tulipanda gari tukashika barabara ya 35 kuelekea kaskazini, tukapita kando ya maghorofa ya mjini, na baada ya karibu saa nzima tukafika Anoka, mji mkongwe kando ya mto. Huko anakaa Mzee Eino, mgane mrefu asiye na maneno mengi, ambaye babu zake walitoka Ufini. Mwangi ndiye aliyemtunza mke wa mzee huyo katika nyumba ya wazee mpaka alipofariki. Uani kwa mzee kulikuwa na chumba kidogo cha mbao juu ya trela ya magurudumu mawili.

"Ni sauna, Mum," Mwangi akanieleza. "Room ya ku-sweat. Unawasha jiko, mawe yanakuwa moto, unamwagia maji, unakaa na hiyo steam. Eino alinipea. Ati nikitengeneza stove ni yangu."

Eino aliamini joto lingemlegeza Mwangi misuli, na daktari alikuwa ameruhusu. Ila jiko la zamani lilikuwa limetoboka chini kwa kutu, na Mwangi alipojaribu kuchukua vipimo vya jipya alishindwa kuinama. Tangu hapo mlango wa kile chumba haukufunguliwa.

Nikavua glavu, nikaingia, nikapima kwa shubiri. Nilifurahi kupita kiasi. Mgongo sikuweza kuuzungumzia, lakini jiko ningeweza.

Wiki nzima iliyofuata nilifanya kazi katika gereji ya Eino, tulikoivutia ile trela, kwa sababu nje udongo mbichi uliganda kabla haujakauka. Mdomo wa jiko niliutokeza nje kupitia ukuta wa sauna, nikakinga mbao kwa mabati, ili mtu achochee kuni akiwa uani na anayekaa ndani asipate moshi wala majivu. Chumba cha moto nilikijenga kwa matofali, nikakizungushia udongo uliochanganywa na zile chembe nyepesi zinazong'aa ambazo watu huweka kwenye vyungu vya maua, kwa sababu zinazuia joto lisitoroke. Juu nikaacha nafasi ya mawe. Nililizungushia ukuta mnene, nikalisuguasugua mpaka likawa laini. Lilikuwa jiko zuri kuliko yote niliyowahi kujenga, na nililipiga picha nikawatumia wanawake wa kikundi chetu cha mafundi huko Njombe.

Jumamosi ya pili tukairudisha trela uani, tukaliwasha. Kuni tatu tu, na dohani haikutoa moshi hata kidogo. Eino alitazama juu akaguna kwa kuridhika. Tukangoja. Baada ya saa moja tuliingia wote na makoti yetu, na pumzi zetu zilionekana kama tuko barabarani. Niliweka kiganja kwenye ukuta wa jiko. Ulikuwa wa baridi.

Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wangu. Miaka yote nimekuwa nikijenga ili joto liende kwenye sufuria tu, mpishi asiungue na jiko lisiwe tanuri. Hapa hapakuwa na sufuria. Mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa akingoja lile joto, na mimi nilikuwa nimemfungia nje.

Eino aligonga jiko kwa kidole, akasema kitu kwa Kiingereza. Mwangi akatafsiri, midomo ikimtetemeka. "Anasema lingefaa kwa uji." Kisha akaongeza la kwake. "Hili jiko liko na adabu, Mum. Linakaa na joto lake." Akacheka mpaka akashika ukuta kwa maumivu. Upendo alikuwa nyuma yake. Aliniambia baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu Septemba. Mimi niliona aibu kubwa, tena mbele ya mkwe, na picha nimeshazituma.

Jumatatu nikabomoa. Chini, pale kuni zinapoungua, nikaacha udongo wangu mwepesi, maana moto ukihifadhiwa pale huwaka mkali na kula moshi wake wenyewe. Juu niliondoa kila kitu. Eino akaunganisha pipa la chuma tupu, hewa ya moto ipande ndani yake, igonge kifuniko, ishuke pembeni na kuachia joto lote kabla ya kuingia dohani. Mawe tukayapanga juu na kando katika wavu wa vyuma. Trela nayo, iliyokuwa imeanza kulalia tairi moja kwa uzito wa matofali yangu, ikasimama sawa. Sikutuma picha.

Siku ya kuliwasha tena Eino alikuwa amekwenda kuvua samaki kwenye barafu, na Upendo, aliyetoka zamu, alikuwa amelala kwenye kochi la mzee. Nani achochee? Nilibaki mimi. Mwangi angekaa mle ndani na taulo kiunoni, jambo ambalo mama mkwe hatakiwi hata kulifikiria. Nilijificha gereji mpaka niliposikia komeo la mlango, ndipo nikazunguka upande wa pili nikakaa kwenye ndoo mbele ya mdomo wa jiko. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao tu.

"Mum, uko hapo?"

"Nipo. Joto likoje?"

"Liko poa. Liko poa sana."

Nilisikia maji yakichemka juu ya mawe. Halafu akaanza kusema, polepole.

"Mum, unajua kazi yangu. Na-lift watu. Nawaosha, nawalisha, nawabadilisha diaper. Miaka tisa. Sasa hiyo operation, daktari anasema nitakaa wiki mob, wiki nyingi, bila ku-bend. Na kuna kachansi mguu ukatae kabisa. Ni Upendo atakuwa ananiosha. Mimi najua mtu ana-feel aje akioshwa. Wengine wanaangalia ukuta ndio usiwaone wakilia."

Kama ningekuwa namtazama usoni ningempa hotuba, maana hotuba ninazo. Lakini uso sikuuona, na yeye hakuuona wangu. Nikatia ukuni mmoja kwanza.

"Hao wanaoangalia ukuta," nikamuuliza, "wewe huwadharau?"

"Aki hapana, Mum! Nawapenda."

"Na Upendo unamwona ana roho mbaya kuliko yako?"

Nilisikia akilia, kilio cha mtu mzima anayejaribu kukizuia, na mimi nikalia upande wangu, machozi ya kweli safari hii. Niliendelea kuchochea. Tulikaa hivyo mpaka kuni zikabaki makaa.

"Mum," akasema mwishowe, "nikikubali, utakuwa bado uko?"

Tiketi yangu ilikuwa ya katikati ya Machi. "Nitakuwepo," nikamwambia.

Machi alifanyiwa upasuaji. Siku za kwanza Upendo alipomwosha, Mwangi aligeukia ukuta kweli, nami nilitoka nikazunguka maduka ya Burnsville bila kununua kitu. Wiki ya pili nilimsikia kutoka jikoni akimlalamikia mkewe kwamba maji ni ya baridi. Ganzi ikaanza kupungua kidole kimoja kimoja.

Siku ya kuondoka, mwishoni mwa Aprili, theluji ilianguka tena. Upendo alishatangulia kupasha gari moto. Mwangi, ambaye bado alikatazwa kuinama, aling'ang'ania kunisindikiza mpaka chini, akasimama mlangoni na viatu vizito ambavyo kamba zake zilining'inia.

"Wacha tu, Mum, Upendo atakuja afunge."

Nikapiga magoti. "Leta mguu," nikasema. Shangazi zangu wangeniona wangezirai. Akasita, kisha akausogeza, akaniwekea mkono begani asianguke. Nikafunga kiatu cha kwanza, nikafunga cha pili. Hakutazama ukuta.

Ndani ya ndege nilikuwa na muda wa kutosha wa kujifikiria. Nilikwenda kumfundisha mtu asikatae kusaidiwa, na mimi mwenyewe tangu nimekuwa mtu mzima sijamruhusu yeyote anibebee hata ndoo ya maji. Mkwe wangu aliyaweza ambayo mimi sikuwahi kuyajaribu.

Nilifika Njombe miguu imevimba kwa kukaa siku mbili. Mdogo wangu Anna alileta beseni la maji ya moto na kitambaa, akachuchumaa mbele yangu, huku akijitetea kabla sijasema neno, kwamba anajua sipendi, lakini aniwekee tu hapo nitajikanda mwenyewe.

Nikanyoosha miguu. Anna akanitazama, akafikiri naumwa.