Metre Iliyopotea Mabanga

Parsele, yaani kiwanja, aliyotuachia baba kule Mabanga tuliigawana kwa kamba, mimi na ndugu yangu mdogo. Kamba tuliilaza chini, ikapanda mgongo wa mawe ya lava ya volkano na kushuka, jinsi watu wa kwetu wanavyopima siku zote. Metre kumi na tatu zangu, kumi na tatu zake, jiwe la mpaka katikati. Nikaagiza kwa fundi mbao za nyumba ya metre kumi na tatu kamili, watoto wangu wasibanane.

Kisha nikaenda Kalengera kuvuna maharage, wiki tatu. Ndugu yangu alisema atabaki anivunjie ule mgongo, nipate mahali pa kujenga.

Niliporudi palikuwa tambarare kabisa. Nikalaza kamba ileile: kumi na mbili! Nikarudia: kumi na mbili. Ayi, Mungu wangu! Mutu anavunja mawe, udongo unapungua namna gani? Kama si jiwe la mpaka limehamishwa, ni nini? Hasira hasara, najua, lakini nilimwita mwizi, mbele ya mama na majirani wote.

“Yaya, mi sikugusa ile jiwe,” aliniambia mimi dada yake mkubwa. “Pima tena.”

Nipime mara ngapi?

Fundi alipoleta mbao akatukuta hatusemeshani. Alitupeleka upande wa ndugu yangu, ambako lava ilikuwa bado haijavunjwa. Akalaza kamba juu ya mawe: kumi na tatu. Akaiinua, akaikaza hewani toka mpaka hadi mwisho: kumi na mbili.

“Kamba yenu ilikuwa inapima kupanda na kushuka,” alisema. “Nyumba haipande, mama.”

Nilielewa kidogo, halafu nikapotea tena. Kwa hiyo ile metre haikuwepo tangu mwanzo? Tuligawana nini basi? Hata leo ukiniuliza, kichwa kinanizunguka.

Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba jiwe halikuhama. Nilisikia aibu. Nikamfuata ndugu yangu nyuma ya nyumba ya mama, nikamwomba msamaha, nikamshika mkono. Akauvuta haraka, uso umekunjamana kwa maumivu. Kiganja kizima kilikuwa malengelenge yaliyopasuka.

“Wiki tatu, Yaya,” alisema. “Nilitaka ukute kwako tayari.”