Kifungo Kilichomutafuta Mwayuma

Katika biro yetu, ofisi ya bandari Kalemie, mie nilijiona fundi wa ordinatere, yaani kompyuta. Nilifundisha kifungo kimoja cha klavye, ule ubao wa herufi, kukumbuka amri zote: kufungua maandishi ya safari, kutafuta "Moba", bandari meli inakoenda, kusimama penye saa ya meli. Ila nilisahau kukiambia kiache kukumbuka, nikaendelea kujifurahisha kwa kutafuta jina la binti ninayemupenda.

Asubuhi, mukubwa wangu, Sitwayen Kalonda, akakibonyeza mbele ya wasafiri. Moba ikatokea, wote wakafurahi. Kisha mashine ikaanza yenyewe kutafuta "Mwayuma", ikajibu kwamba hayumo.

Kalonda akanigeukia polepole.

"Mwayuma njo mutoto wangu. Iko ku nyumba. Tuma baba yako aje kumutafuta kule."