Balbu za Mama Mwantumu

Nauza vifaa vya umeme sokoni Nachingwea, na hakuna kinachonikera kama mtu kuulizia balbu ya waya. Wati mia, chumba cha kulala! Inapasha joto kuliko inavyomulika. Niliapa sitaziuza tena, nikawa nawahubiria wateja balbu za LED, wati tisa tu, mpaka wengine wakaanza kunikwepa.

Mama Mwantumu hakunikwepa. Ni mjane wa Ruponda, analima ufuta na ana mikorosho michache. Mtoto aliyebaki ni mmoja, Shakila, naye yuko Dar es Salaam. Siku moja mama huyo alikaa dukani kwangu akanisimulia kwamba umeme wake wa luku haumalizi wiki, uniti zinakwisha, binti anamnunulia nyingine. Alikuwa akitabasamu, na mimi mjinga nikadhani anaona aibu. Nikamuuliza anatumia taa gani. Za waya, tatu, zinawaka mpaka asubuhi. Nikapandwa na hasira kana kwamba luku ni yangu. Nikamuuzia LED tatu kwa bei ya kununulia, nikamwambia sasa atasahau habari ya uniti.

Kweli akasahau. Miezi miwili na ushee ikapita, akarudi na zile LED kazifunga kwenye pindo la kanga, zote nzima. Nikajua kaja kushukuru. Akaomba balbu za waya.

Nilifoka, sifichi. Nikamwambia hizo zinamaliza umeme, nilishamweleza. Akaniuliza kwa upole kama zinamaliza sana. Nikasema sana.

"Basi nipe hizo hizo," akasema.

Ndipo akanieleza kwamba namba anazitambua, ila kusoma hajui, na meseji ya luku hawezi kuifungua. Kwa hiyo uniti zikiisha anambipu Shakila, Shakila ananunua, halafu anapiga mwenyewe.

"Namba zenyewe ishirini, mwanangu. Ananisomea moja moja, nami nabonyeza kwenye mita. Nikikosea tunaanza upya. Hapo katikati ananiuliza mguu unaendeleaje, ananiuliza korosho. Siku nyingine nakosea makusudi. Nikimpigia hivi hivi anasema yuko kazini, atanipigia. Tangu unipe taa zako hajanipigia hata mara moja."

Nilitaka kumshauri amwambie binti ukweli. Sikuweza. Mama yangu mzazi yuko Matambarale, huko Ruangwa, naye anaishi peke yake. Mwaka juzi nilimfungia sola ili asinisumbue na mambo ya luku, nikajisifu soko zima kwamba mama yangu hana shida tena. Na kweli, hajanisumbua.

Niliingia stoo nikapekua maboksi mpaka nikapata balbu moja ya waya, wati mia, imejaa vumbi. Nikaifuta kwa shati langu nikampa, pesa nikakataa. Akaifunga vizuri kwenye pindo la kanga, akaniombea dua, akaenda kutafuta bodaboda ya Ruponda.

Duka likawa tupu. Nikatafuta namba ya mama kwenye simu, na ilinibidi nishuke chini sana kwenye orodha kuipata. Nilipopiga akapokea haraka, hata salamu hakunipa.

"Mwanangu," akasema, "nani amefariki?"