Ndama Niliyemsugua kwa Sabuni

Juzi kliniki, muuguzi alinisomea kundi la damu la mwanangu: AB. Mimi ni A, baba yake ni B. "Zote mbili zimejitokeza, hakuna iliyoifunika nyingine," alisema, nami nikasikia harufu ya sabuni ya mche.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu chini ya Mlima Meru, ng'ombe wetu mweupe alipandwa na dume mwekundu wa jirani. Ndama akazaliwa na rangi kama vumbi la njiani. Jirani alikuja kumwona, akacheka, akasema huyu si wa dume lake. Maneno hayo niliyajua. Shangazi aliwahi kuyasema jikoni juu yangu, kwa kuwa sikufanana rangi na baba wala mama.

Mchana ule nikachukua ndoo na sabuni, nikamsugua ndama, nikiamini wekundu umejificha chini ya uchafu. Alilia sana. Povu lilinuka maziwa na samadi. Baba akanikuta nimelowa chapachapa.

"Mama, unamfanya nini mtoto wa watu?"

"Namtakatisha afanane na baba yake. Asifukuzwe."

Baba hakucheka. Alichuchumaa, akayatenganisha manyoya kwa kidole: unywele mwekundu, kando yake mweupe, hivyo hivyo mwili mzima.

"Huyu ni wa baba yake na wa mama yake, kila mahali," alisema.

Kisha akanifuta povu usoni kwa shati lake, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kumaliza.

Miaka yote nilidhani hakumsikia shangazi. Asante, baba.