Kanda ya Kujazia

Jumamosi, tarehe 21 Novemba. Mvua imenyesha toka alfajiri, ikakatika mnamo saa nne, halafu kukawa na mawingu mepesi na upepo wa baridi wa kutoka ziwani mpaka jioni.

Hali ya hewa kama hii humrudisha mtu nyuma. Mimi niliishia darasa la saba, na kuna siku nayasoma haya ninayoandika najiuliza ni nani kaandika upuuzi huu. Basi yapokeeni kama yalivyo, hasa ninyi wa rika langu mlioota meno wakati sabuni inagawiwa kwa foleni. Nikikosea mahali mtanirekebisha, maana mlikuwepo.

Bunda ya utoto wetu ilikuwa vumbi na pamba. Malori yakipita kwenda kiwandani tulikimbia nyuma yake tukiokota vibonge vya pamba vilivyodondoka, tunavishindilia kwenye soksi, tunapata mpira. Tulifua kwa majani ya mpapai. Tulikula ugali wa unga wa njano mpaka tukadhani ndiyo rangi ya ugali. Sukari ilikuwa ya mgeni na ya mgonjwa, kwa hiyo wengine tuliugua mara kwa mara. Mama alikuwaga akisema, "Anayecheza na anayelima wote nawapakulia, lakini mkono wangu unajua nani ni nani." Na kweli mkono wake ulijua.

Halafu ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Ghafla madukani kukawa na vitu tulivyokuwa tunavisikia tu: dawa ya meno yenye mistari, viatu vya raba, biskuti za kwenye karatasi inayong'aa. Mjomba wetu Masatu, ndugu wa mama, aliyekuwa akienda na kurudi Sirari mpakani, siku moja akarudi na mashine ya gemu, pedi mbili na tivii ya chogo. Akaviweka kwake Kabasa, kwenye chumba alichokuwa akihifadhia pamba. Harufu ya chumba kile bado ninayo puani: mbegu za pamba, vumbi lililoungua nyuma ya tivii, mapera yaliyoiva mifukoni mwa watoto, na jasho letu. Ulilipia roho. Roho zako zikiisha unampisha mwenzio, hata kama ni mdogo wako na anakucheka. Kanda ya gemu ikigoma unaichomoa, unaipuliza kama mtu anayewasha moto wa mkaa, unairudisha. Sijui kama kule kupuliza kulisaidia chochote. Sote tuliamini.

Kanda zililetwa na Mama Robi, mfanyabiashara wa mitumba kutoka Sirari, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia basi. Alikuja siku za mnada, kanda kazificha katikati ya marobota ya nguo. Masharti yake yalikuwa rahisi: anaacha moja, anaondoka na moja. Asubuhi anatuachia hiyo mpya tuijaribu, anakwenda kuuza mitumba yake, na kabla ya basi la kurudi anapita kusikia tumeamuaje. Mjomba mwenyewe hakujua kucheza, alitutegemea sisi. Kwa hiyo neno letu lilikuwa na uzito, na tulilijua hilo.

Sasa tungehukumu namna gani? Hakuna aliyetufundisha kuhukumu gemu. Tulichokuwa tumekiona kikihukumiwa ni ng'ombe. Mahari ikiletwa nyumbani, kaka za bibi harusi na wajomba wanawazunguka ng'ombe mmoja mmoja, wanatazama meno, kwato, kiwele, mwendo. Mzuri anasifiwa. Kilema anarudishwa palepale, bila aibu. Lakini katika kila kundi yupo mmoja ambaye si mzuri wala si kilema. Kaletwa ili idadi itimie. Huyo anaitwa wa kujazia. Hakuna anayemsifu, hakuna anayemkataa, anaingia zizini kimya kimya na wenzake.

Basi tukahukumu kanda hivyohivyo, kwa mikono nyuma kama wazee. Rafiki yangu Bwire ndiye alikuwa msemaji mkuu, kijana wa maneno mengi na meno machache. Ilipoletwa kanda ya pikipiki akasema, "Pembe nzuri, manyoya mazuri, ila huyu amezoea njia moja. Ukimpeleka mtoni anarudi nyumbani." Maana rangi zilivutia, lakini barabara ilikuwa ileile toka mwanzo mpaka mwisho. Wa kujazia. Ya ngumi: mateke mengi, lakini teke moja la chini lilimshinda kila mtu. "Ng'ombe wa chuchu moja," akasema Bwire. Wa kujazia. Ya ndege za vita tu ndiyo tuliipokea kwa vigelegele, dume la mnada, tukaicheza mpaka macho yakawa mekundu na mama akadhani tumeanza kuvuta sigara.

Mimi nilikuwa naongea mwisho. Si kwamba nilijua sana. Walisema sina upendeleo, na mimi nadhani ilikuwa tu kwamba nachelewa kuamua. Nilikuwa naogopa kuionea kanda ya watu.

Pale chumbani alikuwepo pia dada yangu Nyanjura, ananizidi umri kidogo. Alipokuwa anatambaa aliangukia jikoni kwenye moto, na vidole vya mkono wake wa kushoto vikapona vimeshikana. Kazi zote alifanya, kuchota maji, kusonga ugali, kusuka. Lakini pedi ilitaka kidole gumba kirukeruke upesi, na chake hakikuruka. Kwenye ndege za vita alikufa kabla hajakaa sawa. Wavulana wakawa wanamwambia, "Dada, bado unapiga hodi?" Akaacha kucheza, akawa anakaa mlangoni juu ya ndoo iliyofunikwa, anatazama.

Mpaka ilipokuja kanda ya mayai. Kijana mwenye kofia anatembea bondeni, anaokota mayai, kunguru wanapita polepole, anawakwepa. Basi. Siku moja Nyanjura akaomba pedi, akaiweka pajani, akabonyeza kwa kiganja, na yule kijana akatembea. Akaokota yai. Akaokota jingine. Roho zake hazikuisha mpaka Bwire akaanza kulalamika kwamba anakalia zamu. Toka hapo kila akimaliza kazi alikuja, na kwenye kanda ile hakuna mvulana aliyemfikia. Hata namna ya kuingia ilibadilika. Alikuwa anaingia akisema, "Nipisheni, kunguru wananingoja."

Kisha Mama Robi akaja na kanda ya mpira wa miguu. Wachezaji wawili kwa mpigo, timu kwa timu, filimbi inalia kabisa! Hapakuwa na haja ya kuizunguka. Swali likawa ni kanda ipi iondoke, na macho yote yakaenda kwenye mayai.

Jioni Mama Robi akarudi, akakaa juu ya robota lake. Mjomba akasema, "Haya, wazee wangu, semeni. Mama ana basi."

Bwire akasimama. "Ya mayai irudi. Haina mbio, haina vita, haina kitu. Ni gemu ya kumbembelezea mtoto."

"Wewe mayai yenyewe yanakushinda, mura," akasema Mama Robi, na watu wakacheka.

Mjomba akanigeukia mimi. Nikatazama chini. Nyanjura alikuwa pale mlangoni, na sikutaka kukutana na macho yake, kwa sababu nilijua nitasema kweli na nilijua kweli yenyewe haitamfurahisha. Nikasema, "Muziki wake unachosha. Rangi zimepauka. Ukimaliza bonde la mwisho unarudishwa la kwanza, hata pongezi hupati. Lakini haimwonei mtu. Ukifa, umekufa kwa kosa lako. Mimi naona si nzuri na si mbaya. Ni ya kujazia."

"Umesikia, Mjomba!" Bwire akapiga makofi. "Hata kaka mtu kasema. Irudi!"

Hapo Nyanjura akainuka kwenye ndoo. Hakupaza sauti. "Ngoja kwanza. Shangazi alipoolewa, yule ng'ombe mwekundu wa kujazia, mlimrudisha?"

Bwire akaanza kuzungusha waya wa pedi.

"Nakuuliza, Bwire. Ulikuwepo, ulikula nyama. Alirudishwa?"

"Hakurudishwa."

"Nani hurudishwaga?"

"Kilema."

"Kuna aliyesema hii ni kilema?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesema si mbaya, na kila mtu alinisikia. Mama Robi alicheka mpaka robota likatikisika. "Masatu, huyu binti mpeleke akakae na wazee! Amewafunga kwa kamba yenu wenyewe."

Nyanjura hakucheka. Alikuwa ameuficha mkono wake ndani ya kanga, anamtazama Mjomba. "Ile ya ndege wote mmeshaimaliza," akasema. "Hamuichezi tena, mnaisifu tu. Mimi nikiondolewa hii, narudi kwenye ndoo."

Nadhani mpaka wakati ule hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiria ile ndoo. Mjomba akaichukua kanda ya ndege, ile dume letu la mnada, akampa Mama Robi. Bwire alipiga kelele kama aliyenyang'anywa urithi. Siku kadhaa hakunisalimia, halafu mpira ukamkolea akasahau. Ya mayai ikabaki. Ilibaki hata Mjomba alipogeuza chumba kuwa banda la video, na mashine ilipokufa kabisa Nyanjura akaichukua kanda peke yake, akaenda nayo Kisorya alikoolewa. Haina pa kuchomekwa. Sikumuuliza ya nini.

Leo alikuwa hapa kwangu, kaja kutusalimia. Mwanangu, aliyezaliwa simu zikiwa tayari zinaguswa badala ya kubonyezwa, alikuwa sebuleni anacheza. Vijana wa sasa sitaki kuwaonea, wana akili nyingi, lakini hukumu zao ni mbili tu: "kali kinoma" au "takataka". Huyu wangu anapakua, anaonja kabla hata chai haijapoa, anafuta. Hakuna hata moja inayoingia zizini kimya kimya. Tena hata kuonja siku hizi anaona uvivu. Anaangalia kwanza nyota walizotoa watu asiowajua.

Shangazi yake akamuomba amtafutie gemu na yeye. Kijana akapekua, akapata moja ya kupanga matunda, ya polepole. Akasoma, akakunja uso. "Shangazi, hii achana nayo. Ina nyota mbili na nusu."

Nyanjura akauliza, kwa upole tu, "Hao waliotoa nyota, mikono yao ikoje?"

Mwanangu akaitazama simu kama ndiyo itakayomjibu. Halafu akaipakua ile gemu, akampa, akasogea kumpisha kwenye kiti.

Nimewaza sana baada ya hapo, na sijui kama nawaza sawasawa. Sisi tulikuwa na kanda chache na chumba kimoja kinachonuka mbegu za pamba, na hukumu zetu zilikuwa za kitoto. Lakini aliyekuhukumia vibaya alikuwa amekaa hapohapo, goti lake linagusana na lako, unaweza kusimama ukamuuliza swali mbele ya watu. Leo kanda ni nyingi kuliko nyota za mbinguni, na hizo nyota zenyewe zinatolewa na watu ambao Nyanjura hawezi kuwafikia akawauliza lolote. Yeye hakulalamika. Alikuwa anapanga matunda yake kwa kiganja, taratibu, mpaka giza likaingia na mke wangu akatuita mezani.

Tumekula ugali wa muhogo, dagaa wa kuunga kwa nyanya, na mlenda kidogo.