Maziwa marufuku, sigara ruksa

Jamani, kuanzia leo nyumbani kwetu hapa Kasulu maziwa ni marufuku.

Baba mkwe karudi juzi kutoka kupimwa moyo Mwanza. Nilimsindikiza mimi. Daktari alisema mishipa inayolisha moyo imejaa mafuta, yakaganda na kushika chokaa, njia imekuwa nyembamba.

Mzee akadakia, chokaa si ndiyo iliyomo kwenye maziwa? Daktari akasema wazi: "Maziwa hayahusiki mzee. Acha sigara."

Mzee alisikia "chokaa" tu.

Si alikuwa fundi bomba! Chokaa ya kwenye mabomba kaigongagonga maisha yake yote.

Leo jirani yetu Mama Neema kaja kumpa pole na kidumu cha maziwa. Mzee kamrudisha nacho! "Hayo ndiyo yaliyoniziba." Mama wa watu kaondoka anaapa wanawe hawanywi tena.

Mimi mkamwana nimbishie baba mkwe mbele ya mgeni? Nikainamia maharage yangu, nachambua.

Mzee kachomoa sigara, kanigeukia kwa upole kabisa:

"Mwanangu, leo nimewaokoa wengi. Hebu niletee kiberiti."

Naandika hapa jikoni, kiberiti nimekikalia.

Anaita tena.

Nyie mngepeleka?