Matanga ya Kijana Aliyekwenda Ugiriki

Sijui kama hili linafaa kuandikwa. Shule niliishia darasa la nane, na nikitoka kazini miguu inawaka. Lakini nikiliacha watalisimulia wenzangu wa kanisani, na wao hutia chumvi.

Nilikuwa bado mgeni kazini kwa mzee mmoja Mwingereza wa Harrow. Ofisi yetu ya kutunza wazee ndiyo iliyonipeleka. Asubuhi moja nilimkuta sebuleni analia, picha ya kijana mwenye masharubu membamba imelala mapajani mwake. Ilikuwa picha ya kuchorwa, lakini nilidhani Waingereza wenye nyumba kubwa huchorwa mpaka leo.

"Alikwenda Ugiriki kuwasaidia Wagiriki kupigania uhuru wao kutoka kwa Waturuki," akaniambia. "Akafa kwa homa kabla hajafyatua hata risasi moja. Hapa nyumbani hakuna aliyewahi kukaa akamlilia. Wanamcheka tu."

"Ni wa kwako?"

"Wa damu yangu. Nataka mtu amlilie kabla sijafa na mimi."

Nilifikiri ni mwanawe. Habari za vita huwa nazikwepa, ni nyingi mno, na siku hizi vijana wanakwenda kufia vita vya watu wengine. Jumapili nikawaambia akina mama wa kanisa letu la Kilburn. Kwetu mfiwa haombwi ruhusa, unamwendea tu. Jumamosi nikaenda nao, leso kiunoni, chupa za chai na beseni la mandazi mikononi. Mlango ulifunguliwa na binti wa mzee.

"Tumekuja kutoa pole," mwenyekiti wetu akasema. "Ya kijana wa Ugiriki."

Binti alitutazama mmoja mmoja. "Yule? Yule ni kaka wa babu wa babu yake baba yangu. Amekufa miaka mia mbili iliyopita!"

Nyuma yangu nikasikia Kiswahili. "Mia mbili? Na mimi nimesimama kwenye treni na beseni hili?"

"Nyamaza, mama. Mfiwa anasikia."

"Haki, hata hiyo homa imeshakufa."

Binti alikasirika, na lazima niseme alikuwa na haki. Baba yake mgonjwa, mimi hanijui vizuri, na ofisi inakataza kuleta watu nyumbani kwa mteja. Ningekuwa yeye ningefunga mlango. Akaniomba niwaondoe, nami nilikuwa nimeshageuka mzee alipoita kutoka ndani, "Ni akina nani?"

"Ni wenzangu, mzee. Wamekuja kumlilia kijana wako. Nimekosea, nilidhani ni mwanao."

"Waingie."

"Baba, utachoka," binti akasema.

"Nimeshachoka."

Wakaingia, wengine wakakaa kwenye zulia. Waliomba, wakaimba kwa sauti ya chini, kisha mwenyekiti akasema kama tunavyosema matangani: anayemjua marehemu asimame atuambie alikuwa mtu wa namna gani. Mzee akashika fremu yake ya kutembelea, akajiinua polepole.

"Simjui," akasema. "Najua alitapika melini njia nzima. Wenzake walipotaka kurudi, akasema yeye ameshaahidi. Akaugua ndani ya zizi la kondoo, basi."

"Na hakuua mtu?" akauliza mama wa beseni.

"Hakuua."

"Basi mama za Waturuki hawana kesi naye."

Mzee akacheka mpaka tukamshika asianguke. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Alikuwa mdogo kuliko mwanangu," akasema, kama mtu anayejiuliza. Akaja akakaa, akapokea chai.

Kama kijana yule alikuwa shujaa sijui, wala sijui vita vile vilianzaje. Mimi nilikuwa nahesabu sahani za kuosha.

Jumatatu binti aliniambia usoni kwamba atatoa taarifa ofisini, na kwamba atawaambia pia kuwa baba yake alifurahi. Alifanya yote mawili. Ofisi ikanihamishia Hounslow, mbali, mabasi ya kubadilisha. Simlaumu.

Nilipokwenda kumuaga mzee, aliniuliza kama matanga ya kwetu huwa na mwisho.

"Yana mwisho," nikamwambia. "Watu wanaoga, wengine wananyoa nywele, wanarudi kazini."

Akajipapasa upara wake. "Basi mimi nimeshanyoa. Wewe nenda kazini, utachelewa."